Sifa na Shukrani: Deni la Makao katika Maandishi ya Kiswahili

Katika madarasa ya fasihi mahali hupewa nafasi ndogo. Mwanafunzi hufundishwa kutafuta dhamira, kisha wahusika, kisha matumizi ya lugha, na mwishoni kabisa, kama muda ungalipo, huulizwa juu ya mandhari, naye hujibu kwa sentensi mbili: hadithi hii yatukia mjini, au yatukia shambani. Mahali hufanywa kama mkeka uliotandikwa ili wahusika wapate pa kukalia. Kwa ajili ya mazoea hayo kuna swali moja ambalo halijaulizwa ipasavyo juu ya watunzi wa Kiswahili, ambao wengi wao hawakuishi mahali pamoja tu. Mtu aliyekaa miji mitatu au minne, akala chumvi ya kila mmoja, huilipaje miji hiyo anaposhika kalamu?

Anayezipekua diwani na tenzi akitafuta neno shukrani lililoelekezwa kwa mji atatoka karibu na mikono mitupu. Shukrani katika utenzi ina njia zake zilizokwisha kuwekwa. Mwanzo hushukuriwa Mola, kisha huombewa Mtume rehema na amani, na mwishoni huenda akatajwa yule aliyemtaka mtunzi atunge. Mji haumo katika orodha hiyo. Wako waliofikiri, kutokana na hali hiyo, kwamba kupenda mahali kwa maneno ni jambo geni katika lugha hii, lililoletwa na nyimbo za taifa na gwaride za sikukuu. Uamuzi huo ni wa haraka. Umetokana na kutafuta kitu chini ya jina ambalo wenyewe hawakukiita.

Yafaa kwanza isikilizwe lugha yenyewe. Kitenzi *kushukuru* hupendelea kuwa na mtu, au Mungu, kama yambwa. Sarufi haikatazi mtu kusema kwamba aushukuru mji, ila msemaji wa kawaida atasema kwamba awashukuru watu wa mji. Mji wenyewe husifiwa. Na hapo ndipo penye jambo. *Sifa* katika Kiswahili ina maana mbili zinazokaa nyumba moja: sifa za kitu ni zile hali zinazokipambanua na vingine, na sifa ni neno jema linalosemwa juu yake. Asili yake ya Kiarabu ni kueleza kitu kilivyo, na kutokana na shina lilo hilo lugha imepata *wasifu*, yaani habari za maisha ya mtu. Kwa hiyo katika masikio ya Mswahili aliyelelewa katika ushairi, kukieleza kitu kwa ukamilifu, kiungo kwa kiungo, bila kuruka, tayari ni kukisifu. Na kumsifu aliyekutendea wema ni namna iliyo bora ya kumshukuru. Huko ndiko yatakiwako kutafutwa malipo ya makao. Hayamo katika matamko ya mapenzi. Yamo katika uangalifu wa maelezo.

Neno *kwetu* nalo lastahili kuangaliwa. Halina ndani yake nyumba wala ardhi. Lina kiambishi cha mahali na kimilikishi cha watu. Kwetu ni pale walipo watu wangu na mimi nikiwamo, na kwa sarufi yake hakuna kinachozuia mtu kuwa na kwetu zaidi ya moja. Mashaka huanza neno hilo linapogeuzwa nafsi na kuwa swali. Jambo hilo litarejewa.

Mfano wa kale ulio mashuhuri kuliko yote ni *Al-Inkishafi* ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, na huenda ukaonekana kuwa mfano mbaya kabisa kwa hoja hii. Utenzi huo husomwa kama mawaidha ya kuukana ulimwengu. Mtunzi auonya moyo wake usihadaike na dunia, kisha autolea ushahidi wa Pate, mji uliokuwa na fahari na sasa ni magofu. Tangu W. Hichens alipouchapisha mwaka 1939, na hata katika chapa ya J. de Vere Allen ya mwaka 1977, mkazo umekuwa juu ya toba. Hapana shaka kwamba hilo ndilo kusudi lililotangazwa. Lakini tazama jinsi ushahidi ulivyokusanywa. Mtunzi akumbuka taa zilikuwa za nini, za kioo na za shaba, na jinsi zilivyougeuza usiku kuwa mchana. Akumbuka vyombo vya kaure vilivyopangwa katika vidaka vya ukuta. Akumbuka umati wa waliolala juu ya vitanda vya fahari na waliowapepea na kuwakanda hata usingizi ukawachukua. Anapofika katika uharibifu, uharibifu nao umepangwa kwa mpango ule ule: vidaka sasa ni viota, darini wananing'inia makinda ya popo, na palipokuwa na sauti za watu sasa ni sauti za wadudu na ndege.

Mtu asiyejali hakumbuki hivi. Lau mji ule ungalikuwa kwake hadaa tupu, beti mbili tatu za jumla zingalitosha, kama zinavyotosha kwa watunzi wengi wa mawaidha ambao dunia yao haina anwani. Hapa kuna mtu anayehesabu kama mrithi ahesabuvyo mirathi. Kinywa chasema kwamba mambo haya yalikuwa si kitu. Hesabu yasema kwamba hakuna hata kimoja kilichosahauliwa. Utenzi wapata nguvu zake katika mvutano huo, na mhakiki anayeufuata upande wa kinywa peke yake amesoma nusu.

Pana pengo, hata hivyo, ambalo halifai kupitwa kimya. Wale wapepeaji na wakandaji wamo katika utenzi, walakini hawana nyumba. Wanaonekana mikono tu, ikifanya kazi juu ya miili ya wengine. Jicho la mtunzi ambalo lilipanda hadi darini kuona makinda ya popo halikuteremka kuona wapi alilala aliyepepea. Deni lililolipwa hapa ni la wenye nyumba kwa nyumba zao.

Kutoka Pate hadi Lamu ni safari fupi ya bahari, na kutoka karne ile hadi karne ya ishirini njia ya sifa haikukatika. Ahmed Sheikh Nabhany alizaliwa Lamu mwaka 1927, akaishi na kufanya kazi Mombasa kwa miaka mingi, na akafariki mwaka 2017. Jina lake hutajwa zaidi siku hizi kwa sababu ya maneno aliyoyaunda au kuyafufua, kama *runinga*, na kwa hiyo watu wengi humdhani kuwa mwanamsamiati aliyetunga mashairi pembeni. Ingekuwa sawa zaidi kusema kinyume chake. Katika *Sambo ya Kiwandeo*, uliochapishwa Leiden mwaka 1979, Nabhany aliifanya kazi ambayo Sayyid Abdalla aliifanya kwa majumba. Tofauti ni kwamba yeye alikifanyia chombo cha baharini. Kiwandeo ni jina la sifa la Lamu, na sambo ni jahazi lake. Utenzi wafuata uundaji wa chombo tangu mti hadi maji: jinsi mbao zipatikanavyo, jinsi mkuku ulazwavyo, mataruma yasimamishwavyo, mbao zipigwavyo na kukalafatiwa, hata chombo kishushwe, kisimikwe mlingoti, kipewe foromali na tanga, kisha kisafiri.

Kwa msomaji wa bara utenzi huu ni mgumu, na kwa msomaji wa pwani wa leo, ambaye amezoea mashua za injini, si mwepesi sana. Kwa sababu hiyo husifiwa kama hazina ya msamiati, maneno yake yakatolewa yakatiwa katika orodha, na utenzi ukarudishwa rafuni. Lakini jambo la kuuliza ni kwa nini mtu anayekaa Mombasa aliona haja ya kuiunda jahazi ya Lamu kwa maneno, ubao kwa ubao. Wakati ule uundaji wa majahazi ulikuwa ukipungua, ingawa Matondoni, katika kisiwa cha Lamu, mafundi walikuwapo na wangalipo. Mtu aliyeondoka mahali huweza kufanya moja kati ya mambo mawili. Aweza kulia kwamba pamebadilika, na kilio hicho, kwa kawaida, ni juu yake mwenyewe kuliko juu ya mahali. Au aweza kukichukua kile mahali palipomfundisha na kukitengeneza upya kwa namna ambayo mwingine ataweza kukitumia. Utenzi wa Nabhany umeandikwa kwa namna ya pili. Hauna chozi hata moja. Fundi akiusikiliza atajua kama amefundishwa sawa, na pengine huo ndio mtihani mgumu kuliko wote ambao sifa ya mahali imepata kuwekewa katika fasihi hii.

Mabaharia wana methali isemayo kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Hutumiwa kumwonya anayezurura kwamba atarudi kwao. Katika utenzi huu yaweza kusomwa kwa maana iliyo karibu zaidi na chombo chenyewe: ngama ndiyo sehemu isiyoonekana, penye maji machafu na uvundo, panapotakiwa mtu wa kushuka na kufua maji, na chombo kisichofuliwa hakifiki. Nabhany hakuishia kwenye tanga.

*Umbuji wa Mnazi*, uliotoka mwaka 1985, waendeleza njia hiyo kwa mti ambao pwani nzima imeutumia kwa chakula, kwa kuezeka, kwa kamba, kwa tembo na kwa kuni. Kama utungo haukufikia kimo cha *Sambo*. Jahazi lina mwanzo na mwisho, na utenzi wake wapata mwendo kutokana na kazi. Mnazi hauna mwendo wa namna hiyo, na mara kwa mara beti zageuka kuwa hesabu ya ghalani, kitu baada ya kitu, ambayo yaweza kupangwa upya bila kudhuru. Tena pale mnazi unaposifiwa kwa ukarimu wake, historia ya mashamba ya pwani hubaki nje ya uzio. Minazi ya karne ya kumi na tisa, Malindi na Mombasa na kwingineko, ilipandwa na kuangaliwa kwa sehemu kubwa na watumwa. Ni pengo lile lile la wapepeaji wa Pate. Uangalifu wa sifa wajua sana vitu. Watu waliovishika vitu hivyo bila kuvimiliki wawapita mara nyingi.

Hadi hapa mifano imekuwa ya mahali pamoja kwa mtu mmoja. Maisha ya Shaaban Robert ni ya namna nyingine, nayo yataka kukaliwa zaidi.

Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909 Vibambani, karibu na Tanga, akasomea Dar es Salaam, na tangu mwaka 1926 alikuwa karani wa serikali ya kikoloni. Alitumikia forodha hadi mwaka 1944, Pangani na vituo vinginevyo, kisha idara ya wanyama, na hatimaye ofisi za serikali Tanga hadi karibu na mwisho wa maisha yake mwaka 1962. Mpwapwa, mbali na bahari, ni miongoni mwa mahali alipoishi. *Maisha Yangu*, iliyotoka mwaka 1949 na baadaye kuunganishwa na *Baada ya Miaka Hamsini*, ni kitabu cha mtu ambaye maskani yake yaliamuliwa na barua kutoka makao makuu. Kitabu hicho kina upole mwingi, na upole huo umemletea mwandishi lawama. Katika miaka ya sabini na themanini hasa, wahakiki waliomtaka mwandishi awe mpiganaji waliona kwamba mtu aliyeitumikia serikali ya kigeni kwa miaka mingi kiasi kile na kuandika juu ya miaka hiyo bila uchungu mwingi alikuwa ameridhika. Shukrani yake ilihesabiwa kuwa unyenyekevu wa karani.

Lawama hiyo haikosi msingi, na haifai kujibiwa kwa kumtetea mtu kwa sababu tu ni Shaaban Robert. Ustaarabu huo umekwisha kuwadhuru wasomaji wake vya kutosha. Yajibiwe kwa kuangalia kitenzi. Lugha ina *kuhama*, *kuhamia*, *kuhamisha* na *kuhamishwa*. Mkulima huhama, mfugaji huhama, mfanyabiashara huhamia. Karani huhamishwa. Katika kauli hiyo ya kutendwa mwenye safari hana neno juu ya wapi, lini, wala kwa muda gani. Mkewe na watoto hufungasha pamoja naye, na jirani waliokwisha kuwa ndugu hubaki forodhani wakipunga mikono. Serikali iliamua mahali pa Shaaban Robert. Kitu kimoja haikuweza kukiamua, nacho ni mahali hapo pamempa nini na yeye anadaiwa nini. Kwa kukiandika kitu hicho mwenyewe, kwa hesabu yake mwenyewe, alikuwa akiirudisha sentensi katika kauli ya kutenda. Basi si kweli kwamba shukrani yake ilikuwa kwa mwajiri. Aliyehamishwa ni karani, na aliyeshukuru ni Shaaban.

Ushahidi wa jambo hilo ni kile alichokiweka katikati ya kitabu. Cheo na ofisi vimepewa sehemu yake, lakini kiini cha sehemu ya kwanza ni ndoa yake na Amina, kifo cha Amina, na malezi ya watoto waliobaki. Kisha huja tenzi mbili, *Hati* kwa binti na *Adili* kwa mwana. Zimesomwa kizazi baada ya kizazi kama mafundisho ya tabia njema, na ndivyo zilivyo. Walakini zikisomwa mahali zilipowekwa, baada ya habari za vituo na za msiba, huonekana kuwa pia ni jengo. Baba asiyekuwa na uhakika kwamba mwakani atakuwa wilaya gani hawezi kuwajengea watoto nyumba ya mawe yenye baraza na vidaka. Alichoweza kujenga ni kitu kisichohitaji lori la kuhamia. Haishangazi kwamba katika tenzi hizo mausia ni ya mambo yanayoweza kutumika kila mahali, mbele ya mwenyeji yeyote.

Tena wanaomwona kuwa aliridhika waliisahau *Kusadikika*, ya mwaka 1951, au waliisoma kama fumbo la ukoloni tu bila kutazama kosa lenyewe lililoshitakiwa. Karama anasimama barazani kujitetea, na utetezi wake ni habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini. Kila mmoja alirudi na mema aliyoyaona ugenini, akayapendekeza kwa nchi yake, akatupwa gerezani. Kosa la wajumbe si kwamba waliichukia Kusadikika. Kosa lao ni kwamba waliishukuru nchi nyingine kwa sauti, na nchi iliyoishi angani, bila ardhi ya kukanyaga, haikuweza kustahimili kusikia kwamba pengine pana jema. Mtunzi wa hadithi hiyo alijua vizuri kwamba kukiri wema wa mahali pa pili huweza kuwa shitaka dhidi ya mahali pa kwanza. Upole wa *Maisha Yangu* hautokani na kutojua hatari hiyo.

Aliwahi pia kulipa deni la mji ambao hakuzaliwa kwao, Unguja, kwa njia ya kumsifu mtu mmoja. *Wasifu wa Siti binti Saad*, wa mwaka 1958, ni habari ya mwanamke aliyetoka Fumba akaja mjini na kuupa mji huo sauti ambayo baadaye ilinaswa katika sahani za santuri huko Bombay mwaka 1928. Neno *wasifu* hapa lafanya kazi zake zote mbili.

Abdilatif Abdalla aliwekewa swali hili kwa ukali zaidi. Mwaka 1969 alifungwa miaka mitatu kwa ajili ya waraka *Kenya: Twendapi?*, na mashairi aliyoyatunga kifungoni, mengi yake juu ya karatasi za chooni, yalichapishwa mwaka 1973 kwa jina la *Sauti ya Dhiki*. Mwaka uliofuata kitabu kilipata tuzo iliyobeba jina la rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga mtunzi. Kejeli hiyo imesimuliwa mara nyingi mno, na siku hizi yakaribia kuuficha ushairi. Kilicho muhimu zaidi kwa hoja hii ni kwamba mfungwa wa kisiasa hudaiwa shukrani. Huambiwa kwamba nchi imemlea, imemsomesha, naye ameitukana. Dai hilo lina ujanja ndani yake, kwa kuwa humweka mtawala mahali pa nchi, kama mlinzi wa mlango anayetaka kushukuriwa kwa nyumba.

Katika diwani nzima mtunzi hakulikubali dai hilo hata mara moja, wala hakulijibu kwa kuikana nchi. Alichofanya ni kuandika Kimvita. Wakati ule Kiswahili sanifu ndicho kilichofundishwa shuleni na kuchapishwa vitabuni. Mfungwa aliyetaka kusikiwa upesi na wengi angalikuwa na sababu ya kukifuata. Abdilatif alichagua lahaja ya Mombasa, kwa matamshi yake, kwa mikato yake ya maneno, kwa msamiati ambao msomaji wa Nairobi na wa Dodoma itambidi autafutie maana. Ndani ya kuta nne, mahali pakiwa pamekatazwa kwa mwili, kila mstari ulikaa mahali hapo. Shairi la majibizano ya ndugu wawili wanaogombania mnazi husomwa kama siasa, na ni siasa kweli. Lakini mnazi ule unapandwa kwanza katika lahaja ndipo ugombaniwe. Nabhany aliusifu mti huo kwa matunda yake. Abdilatif auonyesha ukiwa mirathi yenye mzozo, na kwa hapo ndiye aliye mkweli zaidi, maana kitu cha nyumbani kisichogombaniwa na mtu huenda hakina thamani kwa mtu.

Baada ya kutoka kifungoni mwaka 1972 alihamia Dar es Salaam, akafanya kazi katika Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, kisha London, kisha akafundisha Leipzig kwa miaka mingi. Wahakiki humtaja daima kama mshairi wa Mombasa, na sahihi, lakini ni wachache waliouliza Dar es Salaam ilimpa nini, wakati kwao palikuwa pamefungwa. Wachapishaji nao hawasaidii. Dibaji za diwani zina desturi ya kumfunga kila mtunzi kwa kamba moja ya mahali alipozaliwa: malenga wa Mvita, shaha wa Lamu, mwandishi wa Tanga. Desturi hiyo ilianza kama heshima. Imekuwa ramani mbovu, yenye miji na isiyokuwa na njia kati yake.

Ramani ya namna hiyo si jambo la vitabu tu. Katika Kenya swali *kwenu ni wapi?* huulizwa kwa upole barazani, na huulizwa pia na mwenye panga mlangoni. Katika mapigano ya Bonde la Ufa ya mwaka 1992, na tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu waliokuwa wamelima, wamezaa na wamezika mahali pamoja kwa miaka mingi waliambiwa warudi kwao, na kwao kulikotajwa ni mahali ambapo baadhi yao hawakuwahi kulala hata usiku mmoja. Neno *madoadoa*, ambalo ni la nguo na wanyama, likatumiwa kwa majirani. Aliyeuliza alikuwa na hakika kwamba jibu ni moja. Sarufi ya *kwetu*, kama ilivyoonekana, haimsaidii, na maandishi yaliyotajwa hapa hayamsaidii pia. Watu wa pwani wana methali ya kumtaka mgeni aje ili mwenyeji apone, na katika methali hiyo mwenye deni la kwanza ni mwenyeji.

Fasihi ya karibuni imeanza kuigusa njia iliyo kati ya miji. *Mbali na Nyumbani* ya Adam Shafi, ya mwaka 2013, yasimulia safari ya ujana kutoka Unguja kupitia bara hadi Misri, na jina lake laonekana kukubali ramani ya zamani: nyumbani ni moja na kwingine kote ni mbali. Usimulizi wenyewe hauitii sana anwani yake. Msafiri asiyekuwa na fedha hawezi kuishi kwa kukumbuka kwao. Huishi kwa wema wa waliomfungulia mlango njiani, na mwandishi huyo, ambaye katika *Kuli* alikuwa ameonyesha jinsi bandari inavyomla mtu, ana macho ya kuwaona watu wa milango hiyo, hata wasiokuwa na mali. Hapo lile pengo la Pate laanza kuzibwa kidogo.

Kazi iliyobaki ni kubwa, na sehemu yake moja iko tayari mkononi mwa anayeitaka. Barua ambazo Shaaban Robert alimwandikia nduguye Yusuf Ulenge kati ya mwaka 1931 na 1958 zilichapishwa mwaka 2002. Zimetumiwa zaidi kwa kutafuta ndani yake historia ya vitabu vyake: kipi kiliandikwa lini, kipi kilikataliwa na nani. Zinaweza kusomwa pia kituo kwa kituo, kwa kuuliza maswali ambayo historia ya vitabu haiyaulizi. Katika kila mahali nani alikuwa jirani, nani aliuguza, chakula gani kilipendwa na kipi kilizoeleka kwa shida, maneno gani ya wenyeji yaliingia katika kalamu ya karani na hayakutoka tena hata alipokwisha kuhamishwa.